Juu ya Picha Takatifu Tuwapazo Mapadre na Watawa

Katika parokia zetu imeenea desturi njema. Padre mpya akipewa Daraja Takatifu, au padre mzee akitimiza miaka 25 ya upadre, au sista akiweka nadhiri za daima, Wakristu hukusanyika na kumchangia zawadi. Zamani ilikuwa mbuzi, na kuku, na vikapu vya mchele. Siku hizi, pamoja na mbuzi (ambaye hatumdharau hata kidogo), huletwa pia picha takatifu iliyochorwa kwa mkono. Hufunuliwa mbele ya watu wote, vigelegele hupigwa, picha hupokelewa, na mambo huishia hapo. Mbuzi hukaguliwa meno kabla ya kutolewa. Picha haikaguliwi na mtu. Husemwa kwamba zawadi haichunguzwi. Hayo ni kweli kwake yeye aipokeaye. Lakini sisi tunaotoa, tena tunaowaagiza wachoraji na kuwalipa, yatupasa kuichunguza sana, na leo twataka kuijaribu kazi hiyo.

Tuanze na kosa letu wenyewe, wasomaji wasije wakadhani kwamba twawanyoshea wengine kidole. Padre wa parokia yetu alipotimiza miaka 25, sisi tulikuwa miongoni mwa wazee waliochaguliwa kusimamia zawadi. Tulimwita kijana mmoja fundi wa kuchora, ambaye tulimfundisha sisi wenyewe darasani, na tangu utoto mkono wake ulikuwa mwepesi. Tukamwambia amchore Mchungaji Mwema. Kijana akauliza, "Nimfanyie uso gani, Mwalimu?" Hapo mmoja wetu, kwa kumpenda Padre, akatoa mfukoni picha ya kamera, akasema, "Mfanyie uso huu." Wote tukacheka kwa furaha, tukakubali.

Picha ikaja. Mchungaji Mwema amebeba kondoo mabegani, amevaa kanzu nyeupe, duara ya nuru iko kichwani pake, na uso ni wa Padre wetu kabisa, hata miwani yake. Chini yake, kwa herufi nene nyekundu, yaliandikwa majina ya jumuiya zote zilizochanga, wala hakuna iliyosahauliwa. Watu walishangilia hata kengele ya kanisa isisikike.

Padre alishukuru kwa adabu, kama ilivyo tabia yake. Picha hatukuiona tena. Baada ya miezi mingi tulikwenda nyumbani kwake kwa shauri la shule, tukaikuta katika chumba cha stoo, nyuma ya magunia ya mahindi, imegeuzwa uso ukutani. Akaona jinsi tunavyoitazama, akasema polepole, "Walimu wangu, msikasirike. Niliitundika chumbani mwangu siku tatu. Lakini nitapigaje magoti mbele ya uso wangu mwenyewe?"

Neno hilo latosha kuzipima picha zote za namna hii. Padre au mtawa hupewa picha takatifu ili apate kusali mbele yake. Asipoweza kusali mbele yake, picha ile, hata ikiwa imechorwa kwa ustadi wote, imeshindwa kazi yake, kama jembe zuri lisiloingia ardhini.

Wakristu wa Makanisa ya Mashariki, walio Wakatoliki na walio Waorthodoksi, wana jina la picha hizi: huziita ikona, nalo ni neno la Kiyunani lenye maana ya sura au mfano. Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, ulipowajibu wale waliozivunja picha takatifu, ulifundisha kwamba heshima ipewayo sura humwendea yule aliyechorwa. Wengi wetu twalijua fundisho hilo, nasi hulitumia kuwajibu wanaotusingizia kwamba twaabudu sanamu. Lakini kisu hicho kina makali upande wa pili pia, na makali hayo yatuelekea sisi. Kama heshima humwendea aliyechorwa, basi sharti tujue ni nani tuliyemchora. Siku ile ya jubilei tuliwaona mama wazee wakifanya ishara ya msalaba mbele ya picha yetu. Heshima yao ilimwendea nani?

Sasa tuiangalie picha iliyo njema, kwani mtu hajifunzi kuonja kwa vyakula vilivyochacha tu. Karibu kila msomaji Mkatoliki amekwisha kuiona sura ya Mama wa Msaada wa Daima. Nakala zake zimetundikwa katika nyumba zetu nyingi. Ikona yenyewe ni ubao mdogo, urefu wake haufiki sentimeta 60. Iko Roma, katika kanisa la Mtakatifu Alfonsi, mikononi mwa watawa Waredemptoristi. Nao hawakuinunua. Ilikuwa tangu mwaka 1499 katika kanisa la Mtakatifu Mathayo jirani na hapo, mpaka kanisa hilo lilipobomolewa siku za utawala wa Wafaransa, mwaka 1798; halafu ikakaa miaka mingi bila kujulikana na watu wengi. Ndipo Baba Mtakatifu Pio IX alipowapa Waredemptoristi, nao wakaipeleka kanisani mwao kwa maandamano mwezi wa Aprili 1866. Basi hii nayo ni ikona iliyotolewa zawadi kwa watawa.

Itazame vizuri, ndugu msomaji, kama unayo nakala ukutani. Je, Mtoto anatazama wapi? Hamtazami mama yake, wala hatutazami sisi. Amegeuza kichwa kuelekea kwa Malaika Gabrieli, ambaye yuko juu upande wetu wa kulia, ameshika msalaba na misumari. Upande wa kushoto yuko Malaika Mikaeli na mkuki na sifongo. Mtoto ameona mateso yatakayompata, akakimbilia kwa mama yake. Kwa mikono yake miwili ameushika mkono wake mmoja, na kiatu chake cha ngozi kimelegea, chaning'inia kwa ukanda mmoja tu. Mchoraji hakutia damu, hakutia machozi, hakumpanua mtu kinywa kwa kilio. Hofu yote ya Mtoto ameiweka katika kiatu kile. Kwa maoni yetu hakuna hubiri la Ijumaa Kuu tulilolisikia lililofika mbali kuliko ukanda ule mmoja wa kiatu. Na Mama, ambaye tungedhani angemtazama mwanawe, anatutazama sisi, tena bila tabasamu. Twawalaumu wachoraji wa nakala za sokoni ambao humtia tabasamu na mashavu mekundu, na kiatu hukifanya pambo, au hukiacha kabisa. Nakala ya namna hiyo ni Mama mwenye mtoto tu. Msaada umeondoka, kwa maana hakuna tena hatari ya kusaidiwa.

Katika ikona ile hamna jina la mchoraji wala la mtoaji. Herufi zilizomo ni za Kiyunani, nazo ni majina yaliyofupishwa ya Mama wa Mungu, ya Yesu Kristu, na ya malaika wale wawili. Msomaji atasema, "Papa Pio na watawa wale wangewezaje kuwamo, na picha ilichorwa karne nyingi kabla yao?" Ni kweli, hoja yake ni ya haki. Kwa hiyo tuziangalie picha mbili zilizochorwa makusudi kwa ajili ya watu fulani.

Ya kwanza ni ya Urusi. Mtakatifu Sergi wa Radonezh alikufa mwaka 1392, akaacha monasteri aliyoiweka chini ya jina la Utatu Mtakatifu. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 15, mtawa Andrei Rublev alichora ikona kwa kanisa la monasteri hiyo, na mapokeo yasema ilichorwa kwa kumsifu Sergi. Lau tungeombwa sisi, tungemchora Sergi mwenyewe na ndevu zake, na watu wamemzunguka. Rublev hakufanya hivyo. Alichora wale malaika watatu waliomtembelea Abrahamu penye mialoni ya Mamre, wameketi kuzunguka meza yenye kikombe kimoja, wameinamiana kwa upole hata jicho lizunguke kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu lisipate mahali pa kukomea. Sergi hayumo hata kidogo. Amesifiwa kwa kuchorewa Yule aliyempenda.

Ya pili ni ya siku za karibu zaidi. Mwezi wa Januari 1964, Baba Mtakatifu Paulo VI na Patriarka Athenagoras wa Konstantinopoli walikutana Yerusalemu, baada ya miaka zaidi ya 500 ambayo wakuu wa makanisa hayo mawili hawakuonana uso kwa uso. Kwa ukumbusho wa mkutano huo Patriarka alimpa Papa ikona. Wapiga picha wa magazeti walikuwa wamekwisha kuwapiga picha wazee hao wawili wakikumbatiana, na ingalikuwa rahisi kuwachora vivyo hivyo. Lakini waliochorwa ni Mitume Petro na Andrea wakikumbatiana, nao ni ndugu wa tumbo moja. Roma ni kiti cha Petro. Konstantinopoli nako, kwa mapokeo yao, humwita Andrea baba wa kanisa lao. Basi wazee wote wawili wamo katika ikona ile bila kuwamo. Kila mmoja wao aliweza kusali mbele yake, tena akasali akikumbuka kazi iliyomngoja. Hiyo ndiyo heshima ambayo kamati yetu haikuijua: kumpa mtu sura ya huyo anayempasa kumfuata, badala ya kumrudishia sura yake mwenyewe.

Mwalimu mwenzetu, mtu wa vitabu vingi, alipoyasikia maneno haya alitupinga. Alisema kwamba Ulaya, tangu zamani, watoaji na mapadre walichorwa katika picha za altare, wala hakuna aliyeona vibaya. Naye ana haki ya kusema hivyo. Tunayo picha mashuhuri ya kuthibitisha, ile aliyoichora Jan van Eyck, ikamalizika mwaka 1436, nayo iko mjini Brugge, katika nchi iitwayo sasa Ubelgiji. Katikati ameketi Bikira Maria na Mtoto. Upande mmoja amesimama Mtakatifu Donasiani katika mavazi ya kiaskofu. Upande wa pili amepiga magoti mzee Joris van der Paele, kanoni wa kanisa la mtakatifu huyo, aliyeiagiza picha hiyo kwa ajili ya kanisa lake. Nyuma yake Mtakatifu Georgi katika mavazi ya vita anamtambulisha kwa Bikira Maria. Mzee ameshika kitabu na (wasomaji watacheka) miwani yake.

Kazi hiyo ni ya ajabu, hatuwezi kusema vingine. Lakini jicho letu likisha kupumzika kidogo kwa Bikira Maria, hukimbilia uso wa mzee, mikunjo yake, mishipa ya kichwa chake, ugonjwa wake unaoonekana kabisa. Uso wa mzee ni bora kuliko nyuso zote zilizomo, na hapo ndipo ilipo shida ya picha ile kwa mwenye kutaka kusali. Hata hivyo van Eyck hakufika tulipofika sisi. Mzee wake amepiga magoti, ana uso wake na miwani yake, na Kristu ana uso wa Kristu. Sisi tuliivisha miwani ile duara ya nuru.

Wengine watauliza, je, twataka Kristu achorwe Mzungu daima? La, hasha. Wahabeshi kwa karne nyingi wamemchora Bikira Maria kwa namna yao, kwa macho makubwa meusi, wala hakuna anayesema kwamba wameharibu. Mchungaji Mwema aweza kuwa Mwafrika, na fimbo yake iwe kama fimbo za wachungaji wetu, na kondoo wawe na mikia minene kama wa kwetu. Sura ya taifa haimfungi Kristu. Sura ya mtu mmoja humfunga, mtu ambaye kijiji kizima kinalijua jina lake, na ukoo wake, na deni lake dukani. Na ikiwa kamati yataka kwa lazima picha imhusu mpokeaji, basi achorwe mtakatifu msimamizi wake. Padre aitwaye Karoli apewe ikona ya Mtakatifu Karoli Lwanga, mmoja wa wale Mashahidi wa Uganda waliotangazwa watakatifu na huyo huyo Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Hapo kuna uso wa Kiafrika ambao mtu aweza kuupigia magoti bila haya.

Juu ya majina ya watoaji hatutasema mengi: yaandikwe nyuma ya ubao. Mbele liandikwe jina la mtakatifu tu, kwani kwa desturi ya ikona picha isiyo na jina la aliyechorwa haijakamilika.

Yako mambo ya ufundi ambayo kamati hazina habari nayo, na kwa sababu hiyo huwaonea wachoraji. Ikona ya namna ya zamani huanzia kwa seremala. Ubao mkavu hutafutwa, usiopinda; juu yake hugandishwa kitambaa cha kitani; juu ya kitambaa hupakwa unga laini wa chaki uliochanganywa na gundi ya ngozi ya mnyama, tabaka juu ya tabaka, kila moja likingojewa likauke, kisha husuguliwa mpaka uso wa ubao uwe kama ganda la yai. Rangi nazo ni udongo mwekundu, udongo wa manjano, na mawe yaliyosagwa. Huzichanganya na kiini cha yai. Mchoraji hukitenga na ute wake, hukiviringisha kiganjani polepole, hukitoboa ngozi, na kukichanganya na maji na tone la siki. Kisha, na jambo hili lilitushangaza kuliko yote tulipoonyeshwa, uso hauanzwi kwa weupe. Huanza na rangi ya giza, halafu nuru huongezwa juu ya giza, mara baada ya mara, mpaka paji la uso na ncha ya pua zing'ae. Hutaona kivuli kimeanguka chini kutoka upande mmoja, kana kwamba jua liko dirishani. Nuru yatoka kwa mtakatifu mwenyewe na kwa dhahabu iliyo nyuma yake. Ndiyo sababu dhahabu hiyo huwa ya kweli, imepondwa ikawa nyembamba kuliko karatasi, na mchoraji huipulizia pumzi yake mahali pake ili ishike.

Sisi tulimpa kijana wetu majuma mawili na mkebe wa rangi ya kung'aa. Rangi ile ni unga wa shaba, hupendeza siku ya sikukuu, halafu huingia weusi. Kama fedha za dhahabu hazipo, udongo wa manjano ni bora mara mia, kwa kuwa haudanganyi mtu. Na kama siku ni chache, heri kutoa mbuzi.

Kijana huyo huyo alichora picha nyingine mwaka uliofuata, naye ametupa ruhusa ya kuisema. Binti mmoja wa kijiji chetu aliweka nadhiri za daima katika shirika linalotunza wagonjwa. Safari hii tulizungumza kwanza na mchoraji, tukampa miezi mitano. Alichora Bikira Maria akimtembelea Elizabeti: wanawake wawili mlangoni, basi, na nyuma yao ukuta wa manjano. Kwa sista ambaye kazi yake ni kuingia katika nyumba za watu, twadhani hakuna jambo lililomfaa zaidi. Mkono wa Elizabeti umewekwa begani pa Maria kwa uzito wa kweli, kama mtu mzima anayehitaji kuegemea, na macho yao yamekutana. Hayo ni mema. Lakini mikunjo ya nguo ya Maria ni migumu kama bati, na mguu mmoja haukanyagi chini. Tena mchoraji hakupima nafasi ya jina la Elizabeti, hata herufi za mwisho zikapanda juu kama siafu. Tuliliona kuwa dogo, tukanyamaza. Baadaye sista alituandikia kwamba ameitundika katika kikanisa cha nyumba yao, na wenzake wote huuliza yule mama wa pili ni nani. Basi halikuwa dogo.

Juma lililopita tulipita kwa fundi, tukaukuta ubao wa Mchungaji Mwema mezani pake. Padre ameurudisha kwake mwenyewe, akaomba utengenezwe upya. Kijana amekwisha kukwangua uso na miwani, na herufi nyekundu zote. Kondoo amemwacha, kwa kuwa ni kondoo mzuri kweli. Mahali pa uso pamekuwa peupe, na kando yake liko bakuli la udongo wa giza, tayari kwa kuanza. Alituuliza tena, "Nimfanyie uso gani, Mwalimu?" Mifukoni mwetu hamkuwa na picha. Tulimwambia asiharakishe, na kwamba wazee watachanga tena kwa ajili ya siku zake za kazi.